Majani ya mpera: Nini hasa hupimwa ndani ya tumbo la panya?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mtoto anapoanza kuharisha, mtu mzima wa nyumba hiyo hutoka uani kwanza kabla ya kufikiria duka la dawa. Huchuma majani machanga ya mpera, huyaosha, huyachemsha hadi maji yawe na rangi ya chai ya rangi, kisha humnywesha mgonjwa kidogo kidogo. Maji hayo yana ukakasi unaokausha ulimi, na wengi huamini kuwa ukakasi huo ndio unaofunga tumbo.

Imani hiyo si ya Waafrika Mashariki peke yao. Majani hayo hayo huchemshwa Mexico, India, China na Afrika Kusini kwa ajili ya maradhi hayo hayo. Mpera wenyewe ni mgeni katika sehemu kubwa ya dunia: asili yake ni Amerika ya kitropiki, na ulisambaa katika mabara mengine pamoja na safari za majini za Wareno na Wahispania. Hata jina la pera linahusishwa na Kireno, ingawa katika lugha hiyo neno hilo ni la tunda jingine kabisa. Jina lake la kitaalamu, Psidium guajava, lilitolewa na Carl Linnaeus mwaka 1753.

Tangu miaka ya 1980, watafiti wamekuwa wakiyapima majani haya kwa panya na wanyama wengine wa maabara, na jibu limekuwa likirudi karibu lile lile: ndiyo, yanapunguza mwendo wa utumbo na kupunguza kuhara. Habari za namna hiyo zinapofika kwa wasomaji, huandikwa kwa ufupi kwamba sayansi imethibitisha dawa ya mababu.

Ukweli una kona zaidi ya hapo. Kinachopimwa katika tumbo la panya ni kitu kimoja, na kinachomuua mtoto anayeharisha ni kitu kingine. Anayetaka kujua majani ya mpera yanafaa kiasi gani hana budi kwanza kujua jinsi majaribio hayo yanavyofanyika.

Mkaa unaosafiri tumboni

Jaribio linalotumika zaidi ni la kale na ni rahisi kiasi cha kushangaza. Hutumia mkaa.

Kazi huanza na majani. Mtafiti makini hapeleki maabara majani aliyouziwa sokoni bila kuyahakiki. Hukata tawi, hulikausha na kulipeleka kwa mtaalamu wa mimea ili litambuliwe na kuhifadhiwa katika hazina ya mimea, kama ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bila sampuli hiyo, hakuna mtu atakayeweza baadaye kuhakiki kwamba mmea uliopimwa ni huo uliotajwa.

Majani hukaushwa kivulini, husagwa, kisha huloweshwa au kuchemshwa ili dawa itoke. Maji huchujwa na kukaushwa mpaka kibaki kiziduo, yaani unga au rojo zito lenye vile vilivyotoka ndani ya jani. Hapa pana jambo ambalo msomaji wa habari za utafiti hafai kuliruka. Maabara nyingi hutumia pombe kali badala ya maji, kwa kuwa pombe huvuta kemikali ambazo maji hayazivuti. Matokeo ya kiziduo cha pombe hayawezi kuhesabiwa kuwa ni matokeo ya sufuria ya nyumbani.

Baada ya hapo huingia panya. Huwa ni panya wadogo weupe wenye uzito wa gramu 20 hadi 30, au wale wakubwa wa maabara. Hunyimwa chakula kwa muda wa saa 18 hadi 24 ili utumbo uwe mtupu, lakini maji huachiwa. Sakafu ya kizimba huwa ya waya wenye matundu, kwa sababu panya ana desturi ya kula kinyesi chake mwenyewe, na akikila jaribio linaharibika.

Wanyama hugawanywa katika makundi, mara nyingi matano yenye panya watano au sita kila moja. Kundi la kwanza hupewa maji matupu. La pili hupewa dawa ya hospitali inayojulikana kupunguza mwendo wa utumbo, kama vile atropini au loperamaidi. Makundi yanayobaki hupewa kiziduo kwa vipimo vinavyopanda, kwa mfano miligramu 100, 200 na 400 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Dawa hupitishwa mdomoni kwa sindano maalumu yenye ncha butu inayofika hadi tumboni.

Baada ya nusu saa au saa moja, kila panya hupewa uji mweusi: unga wa mkaa asilimia 10 uliochanganywa na maji ya gundi ya mgunga. Mkaa haumeng'enywi wala hausharabiwi na mwili. Unachofanya ni kusafiri tu, na popote unapofika huacha weusi unaoonekana kwa macho.

Dakika 30 baadaye mnyama huuawa kwa njia isiyomtesa, na utumbo wake mwembamba wote hutolewa, kuanzia pale tumbo linapoishia hadi pale unapoungana na utumbo mpana. Hulazwa mezani na kunyooshwa bila kuvutwa. Mtafiti hupima urefu wote, kisha hupima umbali uliofikiwa na mkaa. Tuseme utumbo una urefu wa sentimeta 40 na mkaa umefika sentimeta ya 28. Mwendo ni asilimia 70. Ikiwa kwa panya aliyepewa kiziduo mkaa umeishia sentimeta ya 14, mwendo ni asilimia 35, na itaandikwa kwamba mmea umepunguza mwendo wa utumbo kwa nusu.

Kipimo chote ni hicho: rula na mstari mweusi. Mbinu ya kupima umbali wa mkaa ilielezwa na Macht na Barba-Gose nchini Marekani mwaka 1931, wakati huo wakizipima dawa za kuendesha. Mwaka 1957 Mbelgiji Paul Janssen na mwenzake waliitumia kwa panya wadogo walipokuwa wakichunguza dawa za maumivu za jamii ya afyuni, ambazo hujulikana kwa kufunga choo. Jina la Janssen litarudi tena mbele katika habari hii.

Usahihi wa jaribio hutegemea mambo madogo ambayo magazeti hayayaandiki. Anayepima hapaswi kujua panya aliye mbele yake katoka kundi gani, la sivyo jicho lake litamsaidia mmea anaoupenda. Utumbo ukivutwa kidogo unaponyooshwa, hesabu hubadilika. Na panya aliyetishwa, au aliyeshikwa vibaya, utumbo wake hubadili mwendo hata bila ya kupewa dawa yoyote.

Kuhara kwa kutengenezwa

Jaribio la mkaa hufanywa kwa panya mzima. Ili kupima dawa ya kuhara, lazima kwanza panya aharishwe, na kwa kazi hiyo watafiti hutumia mafuta ya nyonyo, ambayo wengine huyaita mafuta ya mbarika, yale yale ambayo vizazi vilivyopita vililazimishwa kumeza kama haluli.

Panya hupewa kiziduo, kisha mafuta, halafu huwekwa mmoja mmoja juu ya karatasi nyeupe. Kwa muda wa saa nne mtafiti hukaa akihesabu: choo cha kwanza kimetoka baada ya dakika ngapi, kimetoka mara ngapi, na kati ya hivyo ni vingapi vilivyo majimaji. Katika jaribio jingine la jamii hiyo hiyo, utumbo hufungwa kwa uzi pande zote mbili na maji yaliyojikusanya ndani hupimwa.

Kwa miaka mingi haikujulikana sawasawa mafuta hayo yanaendeshaje tumbo. Ilijulikana kwamba ndani ya utumbo huvunjwa na kutoa asidi ya risinoleiki. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Max Planck nchini Ujerumani walionyesha kwamba asidi hiyo hushika kipokezi kimoja cha prostaglandini, kiitwacho EP3, kilichoko kwenye misuli ya utumbo. Panya waliozalishwa bila kipokezi hicho walipewa mafuta na hawakuharisha.

Ugunduzi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Kuhara kwa mafuta ya nyonyo kuna ufunguo wake na mlango wake. Mtoto anayeharisha mtaani hakunywa mafuta ya nyonyo. Huenda ana virusi vya rota vinavyoharibu kuta za utumbo, au kipindupindu ambacho sumu yake hufungulia maji kama bomba, au shigela anayechimba ukuta wa utumbo mpana hadi damu. Dawa inayofunga mlango wa mafuta si lazima ifunge milango hiyo mingine. Idadi ya mimea iliyofaulu jaribio la mafuta ya nyonyo katika majarida ya utafiti ni kubwa mno. Iliyogeuka kuwa dawa ya hospitali ni michache sana, na hilo peke yake lingetosha kuwapunguzia waandishi wa habari pupa.

Kilichoonekana kwa mpera

Hata hivyo, mpera haukuishia kwenye mkaa na mafuta peke yake, na ndiyo maana unastahili kuelezwa kuliko mimea mingi.

Mwaka 1989 mtafiti G. D. Lutterodt alichapisha uchunguzi uliotumia kipande cha utumbo wa simbilisi, mnyama mdogo wa jamii ya wagugunaji. Kipande hicho hutundikwa katika chombo cha maji yenye chumvi na sukari, yenye joto la mwili na yanayopulizwa hewa, na huendelea kujikaza na kulegea kwa saa kadhaa kana kwamba bado kiko tumboni. Lutterodt aliona kwamba majani ya mpera huzuia mishipa ya fahamu ya utumbo isitoe asetilikolini, kemikali inayoiamuru misuli ijikaze. Alimtaja mhusika kuwa kwesetini, moja ya kemikali nyingi za jani hilo.

Mwaka 1992 alirudi na majaribio ya panya. Kiziduo cha majani mabichi, kwa kipimo cha mililita 0.2 kwa kila kilo, kilipunguza msukumo wa utumbo kwa asilimia 65, na nguvu hiyo ikalinganishwa na ya mofini ya miligramu 0.2 kwa kilo. Ulinganisho huo unafaa kukumbukwa, kwa sababu unapindua imani ya ukakasi. Ukakasi unatokana na tanini, na inawezekana tanini nazo zina kazi yake. Lakini kinachopunguza mwendo wa utumbo hapa kinafanya kazi kwenye mishipa ya fahamu na misuli.

Mwaka 2008 timu ya Profesa John Ojewole wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ilichapisha uchunguzi mpana zaidi kwa kutumia kiziduo cha maji, ambacho kiko karibu na kile cha nyumbani. Kwa vipimo vya miligramu 50 hadi 400 kwa kilo, panya walicheleweshwa kuharishwa na mafuta ya nyonyo, mwendo wa mkaa ulipungua, na hata chakula kilichelewa kutoka tumboni kuingia utumboni. Kadiri kipimo kilivyopanda ndivyo athari ilivyoongezeka, jambo ambalo wataalamu wa dawa hulipenda, kwani athari isiyofuata kipimo mara nyingi ni ya bahati.

Mumbai, India, walikwenda njia nyingine. Watafiti wa Foundation for Medical Research hawakuuliza kama majani yanapunguza mwendo. Waliuliza yanawafanya nini vijidudu. Katika matokeo yao ya mwaka 2010, maji ya majani yaliyochemshwa yalipunguza utengenezaji wa sumu ya kipindupindu na uwezo wa sumu hiyo kujibandika, na yakawazuia baadhi ya vijidudu kushika au kupenya seli. Lakini sumu moja ya bakteria aina ya E. koli, ile isiyoharibiwa na joto, haikuguswa.

Kisha walichukua panya na kuwaambukiza bakteria halisi wa tumbo, Citrobacter rodentium, anayefanana kwa tabia na E. koli wa binadamu. Katika ripoti ya mwaka 2015 walieleza kwamba maambukizi kwa panya waliopewa maji ya majani yaliisha takriban siku ya 19, na kwa wasiopewa yaliendelea hadi siku ya 29. Kwa kipimo cha umuhimu, jaribio hilo lina uzito kuliko majaribio mengi ya mafuta ya nyonyo, maana panya hao walikuwa wagonjwa kweli.

Dawa iliyofaulu, kisha ikaua

Sasa ni zamu ya Janssen. Mwaka 1969, katika maabara za kampuni yake huko Beerse, Ubelgiji, ilitengenezwa loperamaidi. Ilifaulu vizuri sana katika panya walioharishwa kwa mafuta ya nyonyo, na kuanzia mwaka 1973 iliuzwa kwa jina la Imodium. Ni ya jamii ya afyuni, lakini kwa mtu mzima hubaki zaidi kwenye utumbo na haifiki ubongoni kwa kiwango cha kulevya. Kwa mtu mzima mwenye kuhara kwa kawaida, inasaidia hadi leo, na ndiyo dawa ambayo mimea hulinganishwa nayo maabara.

Ilitengenezwa pia ya matone kwa ajili ya watoto. Mwaka 1990 madaktari nchini Pakistan waliripoti katika jarida la Lancet juu ya watoto wachanga waliopewa matone hayo na utumbo wao ukasimama kabisa. Matumbo yalivimba, na baadhi yao walikufa. Mtengenezaji aliyaondoa matone hayo Pakistan na baadaye katika nchi nyingine. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kitabu kuhusu matumizi sahihi ya dawa kwa watoto wanaoharisha, na msimamo wake ulikuwa kwamba dawa za kupunguza mwendo wa utumbo hazina nafasi kwao.

Hakuna aliyedanganya katika majaribio ya panya ya loperamaidi. Mkaa ulichelewa kweli na karatasi ilibaki safi kweli. Tatizo ni kwamba utumbo unaosimama huonekana, kwa nje, kama utumbo uliopona. Choo kimekoma, lakini maji yanaweza kuendelea kumiminika kutoka mwilini na kujikusanya ndani, bila ya mzazi kuyaona. Na kama ni kuhara damu, vijidudu na sumu yao hupewa muda mrefu zaidi wa kukaa.

Hili halina maana kwamba majani ya mpera ni loperamaidi. Nguvu yake ni ndogo zaidi na kemikali zake ni tofauti. Lakini kama sifa inayosifiwa ni hiyo hiyo ya kufunga, basi tahadhari nayo ni hiyo hiyo, na jina la mti wa uani haliiondoi.

Kutoka kilo ya panya hadi kilo ya mtu

Kuna hesabu nyingine ambayo huwapotosha wengi. Kipimo cha panya hakihamishwi kwa binadamu kwa kuzidisha uzito tu, kwa kuwa mwili mdogo huchoma na kutoa dawa haraka zaidi. Mwongozo wa mwaka 2005 wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani unaelekeza kipimo cha panya mkubwa kigawanywe kwa 6.2, na cha panya mdogo kwa 12.3.

Kwa hesabu hiyo, miligramu 400 kwa kilo ya panya mkubwa ni kama miligramu 65 kwa kilo ya binadamu. Mtu wa kilo 60 angehitaji gramu 3.9 za kiziduo kikavu. Kama gramu 10 za majani makavu zingetoa gramu moja ya kiziduo, hayo ni majani makavu gramu 39 kwa mkupuo mmoja, yaani lundo, si vijani vitano vya kuelea kwenye kikombe. Kipimo cha juu kinachong'ara katika jedwali la utafiti mara nyingi hakimo katika sufuria ya mtu yeyote.

Panya naye ana tofauti zake. Hawezi kutapika, kwa hiyo dawa ambayo binadamu angeitapika hubaki tumboni mwake. Yule mkubwa hana hata kibofu cha nyongo. Na panya wa maabara ni mzima, amelishwa vizuri na ana umri unaolingana na wenzake. Mtoto anayeletwa zahanati huenda ana utapiamlo na malaria juu yake.

Upande wa usalama nao una kanuni zake. Zamani wanyama wengi walilishwa dawa hadi nusu yao wafe, ili kijulikane kipimo kinachoua. Shirika la OECD, ambalo miongozo yake hufuatwa na maabara nyingi duniani, liliufuta mwongozo huo mwishoni mwa mwaka 2002. Sasa hutumika hatua za panya watatu watatu, na kazi husimama mapema inapoonekana dalili ya sumu. Nyuma ya mabadiliko hayo kuna kanuni iliyoandikwa na Waingereza Russell na Burch mwaka 1959: kutotumia mnyama inapowezekana, kupunguza idadi, na kupunguza maumivu. Lakini jaribio la siku 14 la panya watu wazima halisemi lolote kuhusu mtoto wa miezi sita.

Majaribio kwa watu yapo, ingawa ni machache. Nchini Mexico, mwaka 2002, timu ya Xavier Lozoya ilichapisha matokeo ya vidonge vya majani ya mpera vya miligramu 500, vyenye kwesetini iliyopimwa, walivyopewa watu wazima kila baada ya saa nane kwa siku tatu. Mgonjwa wala daktari hakujua nani kapewa dawa na nani kapewa kitu kisicho dawa. Kilichopungua ni muda wa maumivu ya kunyongwa tumbo. Matokeo hayo yanaafikiana na kipande cha utumbo wa simbilisi kuliko mtu angetarajia: misuli ililegea, maumivu yakapungua.

Nchini China, mwaka 2000, watoto 62 wenye kuhara kwa virusi vya rota walichunguzwa. Ndani ya siku tatu walipona asilimia 87.1 ya waliopewa dawa ya mpera na asilimia 58.1 ya wenzao, na kuhara kulikoma kwa wastani baada ya saa 25 badala ya 39. Ni habari ya kutia moyo. Ni watoto 62.

Nchini Tanzania, utafiti wa dawa za asili una nyumba yake tangu mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo kilichokuja kuwa Taasisi ya Tiba Asili Muhimbili, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Kwa mmea unaojulikana kama mpera, uliokwishapimwa kwa panya mara nyingi hivi, kurudia tena mkaa na mafuta ya nyonyo hakutaongeza jipya. Panya wengine sita hawatajibu swali ambalo limebaki kwa watoto.

Maji kwanza

Kwa makadirio ya WHO ya mwaka 2024, kuhara huua watoto wapatao 444,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka duniani. Wengi wao huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Hakuna kiziduo cha mpera, kwa kipimo chochote, kilichowahi kuonyeshwa kurudisha maji hayo.

Kinachoyarudisha ni mchanganyiko wa ORS. Fomula iliyopitishwa na WHO na UNICEF mwaka 2002 ina, kwa kila lita, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti. Glukosi imo kwa sababu ukuta wa utumbo huipitisha pamoja na chumvi, na chumvi huvuta maji nyuma yake. Njia hiyo hubaki wazi hata utumbo unapomwaga maji ya kipindupindu. Tangu mwaka 2004 mashirika hayo yamependekeza pia madini ya zinki, ambayo mhudumu wa afya huyatoa kwa kipimo kinachofuata umri wa mtoto.

Mwenye kumpa mtoto maji ya mpera ampe baada ya ORS na si badala yake, asiache kumnyonyesha, na amweleze mhudumu wa zahanati kile alichompa. Majani hayo hayafai kutumiwa kuficha choo chenye damu. Mtoto ambaye macho yamedidimia, ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, anayelegea, anayetapika kila kitu au asiyeweza kunywa, anahitaji hospitali saa hiyo hiyo.

Penye uhaba wa pakiti, lita moja ya maji safi na salama huchanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi. Mtoto hupewa kwa kijiko au kwa kikombe, kidogo kidogo, kila baada ya kuharisha. Akitapika husubiriwa dakika 10, kisha huendelea taratibu zaidi. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 humwagwa na kuchanganywa mwingine.